Mgonjwa wa Nyumbani kwa Kinyozi

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu ya hapa na pale, upepo hakuna.

Kinyozi, ambaye mtaa mzima unamwita Wembe, alikuwa ameinamia kisogo cha karani wa benki pale simu ya karani ilipolia. Karani akaitoa chini ya shuka la kunyolea, akasoma, akacheka kidogo. Muda si muda ikalia ya mteja aliyekaa kwenye benchi. Nje, kwenye kibanda cha pembeni, ikalia ya fundi viatu.

Fundi viatu hajui kusoma kimoyomoyo. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akasoma kwa sauti: "'Rafiki yako Wembe Kinyozi amenunua nepi za watu wazima, saizi kubwa. Nunua nawe leo upate punguzo.' We Wembe! Kunyoa kumekushinda, sasa unatangaza nepi?"

Mashine ya kunyolea ilibaki ikinguruma hewani.

"Ni za mgonjwa," Wembe akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Kaka yangu mkubwa. Yuko kwangu."

Fundi viatu akashusha kiatu. "Na mimi kutwa nakutania hapa, wala hujasema neno! Pole sana, ndugu yangu."

Kaka alikuwepo kweli, ila alizikwa zamani, kabla Wembe hajahamia mtaa huo. Nepi zilikuwa za Wembe mwenyewe. Tangu afanyiwe upasuaji wa tezi dume mwanzoni mwa mwaka, mkojo ulikuwa haumsikilizi. Daktari alisema utatulia, ila awe na subira. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini muuzaji wake hunyolewa kwa Wembe kila Ijumaa, na Wembe hakutaka kushika kichwa cha mtu anayejua. Ndiyo maana akaagiza mtandaoni. Mzigo ulifika umefungwa kwa karatasi isiyo na maandishi yoyote, naye akashusha pumzi.

Kosa lilitokana na kazi yake. Wembe hapendi wateja wabanane kwenye benchi; zamu ya mtu ikikaribia, humpigia aje. Kwa hiyo namba zao zote zimo kwenye simu yake, zimehifadhiwa kwa vichwa vyao: Upara wa Benki, Denge, Mvi za Mapema, Pacha Mwenye Kovu. Programu ya duka hilo la mtandaoni ilipoomba ruhusa ya kusoma namba, alidhani inaulizia yake, ili mleta mzigo asipotee. Akabonyeza kubali. Duka likawaandikia wote.

"Hilo ni kosa kisheria, mzee," karani alisema akipangusa nywele shingoni. "Siku hizi ipo sheria ya kulinda taarifa za watu. Duka haliruhusiwi kutangaza ulichonunua bila ridhaa yako. Nenda kalalamike. Kaka yako ana heshima yake."

Alhamisi Wembe alifunga duka mapema akaenda kwenye ofisi ya malalamiko hayo. Afisa alikuwa dada wa umri ambao angeweza kuwa binti yake, kama angejaliwa mtoto. Nyuma ya Wembe watu wawili walisubiri kwenye viti vya plastiki. Alieleza habari ya kaka yake kama alivyoizoea sasa, bila kukwama.

"Pole, baba," afisa akasema. "Lakini habari za ugonjwa ni za mwenye ugonjwa. Kama nepi ni za kaka, yeye ndiye mlalamikaji. Aje mwenyewe, au akupe idhini yenye sahihi yake."

Wembe akageuka kuangalia viti vya plastiki. Afisa akayafuata macho yake, akainuka, akawaomba wale wawili wasubiri nje, akafunga mlango.

"Hakuna kaka," Wembe akasema. "Ni zangu."

Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote nje ya hospitali. Afisa hakushangaa wala hakumwonea huruma ya kupitiliza. Alifuta mstari mmoja, akaandika mwingine.

"Tutalitaka duka lifute taarifa zako, pamoja na namba za wateja wako. Unaweza pia kudai kwamba wote waliopata ule ujumbe waombwe radhi."

"Kwa ujumbe mwingine?"

"Ndiyo."

"Utakaonitaja mimi?"

"Lazima wajue wanaombwa radhi kwa lipi, baba."

"Basi hilo usiliandike."

Afisa akaichukua simu ya Wembe, akamwonyesha namna ya kuizuia programu isisome namba tena. Kazi ikaisha. Wembe akabaki amekaa.

"Kuna lingine, baba?"

"Hapana." Lakini alikawia kidogo kuinuka. Kile chumba kilikuwa na mtu mmoja asiyehitaji kudanganywa.

Jumapili alasiri hodi ikabishwa nyumbani kwake. Alikuwa fundi viatu, amevaa shati la kutokea, na mkewe amebeba mfuko wa machungwa.

"Tumekuja kumwona kaka."

Wembe alisimama katikati ya mlango. Nyuma yake kulikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, na nepi pembeni ya kabati.

"Amelala. Ndiyo kwanza amepata usingizi."

"Basi tusimwamshe," mke wa fundi akanong'ona. Wakakaa wote watatu kwenye ngazi ya nje, wakizungumza kwa sauti ya chini kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Shemeji, kuuguza peke yako kutakumaliza," yule mama akasema. "Mimi kutwa niko nyumbani. Niachie ufunguo, nitakuwa nampikia uji, nambadilisha. Watu wazima wenzetu hao, hakuna aibu."

"Kumbadilisha niachie mimi," fundi akadakia. "Yeye mwanamke, kaka ataona haya."

Wembe aliangalia viatu vyake. Neno lilimfika mdomoni. Kisha akawaza Jumatatu, duka limejaa, na fundi asiyejua hata kusoma kimoyomoyo.

"Nitawaambia," akasema. "Mungu awabariki."

Walipoondoka aliingia ndani, akarudishia mlango, akakaa kwenye kile kiti hadi chumba kikawa giza.

Asubuhi iliyofuata alifika dukani kabla ya fundi viatu, akafagia, akakung'uta shuka la kunyolea. Fundi alipotokea na sanduku lake la vifaa, Wembe hakungoja kuulizwa.

"Kaka nimempeleka kwa dada yetu, shamba. Kule watu ni wengi."

"Umefanya la maana," fundi akasema. "Ila sasa si umebaki peke yako?"

"Nimebaki peke yangu," Wembe akasema, akaingia ndani kumpigia mteja wa kwanza.