Vidole Vilivyopoa

Kila asubuhi muuguzi alimpa mvuvi wa Yanonge kidonge, akangoja akimeze, kisha akapasha pomada joto kati ya viganja vyake vikavu na kumsugua vidole vya mguu vilivyopoa. Muuguzi akigeuka, mvuvi aliipangusa pomada kwa shuka. Muuguzi aliona, akapaka tena bila kugomba.

“Citoyenne,” mvuvi alimwita muuguzi kwa heshima, “dawa mbili zitapigana mu mwili yangu.”

“Apana, papa. Moja inapita ndani, ingine inagonga mulango kwa inje. Damu yako iko muvivu sawa weye!”

Mvuvi alicheka, akaacha shuka. Daktari alikuwa ameshasema: vikibaki baridi, Ijumaa vitakatwa.

Ijumaa muuguzi alibonyeza ukucha wa kidole cha mvuvi, akauachia. Weupe ulikawia, kisha wekundu wa damu ukarudi. Yeye asiyeketi kamwe wodini aliketi kitandani, akaukumbatia ule mguu kama mtu anayeota moto.