Dina Alikataa Kulia

Luciana wa Issuna ni mama wa kuku. Huwanunua kwa wafugaji, akawafunga miguu na kupanda nao basi kwenda kuwauza Singida mjini. Ana mdomo huyo! Makondakta wenyewe humwogopa. Lakini mbele ya mjukuu wake Dina, mtoto wa miaka sita, mdomo ule ulikuwa mzito.

Mama yake Dina, Anastasia, alifariki mwaka jana akijifungua, yeye na kichanga chake. Siku ya mazishi Dina alipelekwa kwa jirani, akala wali wa msiba wa mama yake bila kujua. Luciana akamwambia mama amekwenda kufanya kazi Dodoma, na kijiji kizima tukaitikia. Sisi kwa kuwaficha watoto msiba hatujambo.

Mwezi uliopita akaja Emilian, mwanafunzi wa chuo, na kamera yake. Akamwamkia Luciana shikamoo ya adabu, akaomba Dina aigize kwenye filamu fupi.

"Ni ya watoto, bibi. Haina ngumi wala matusi."

Luciana akakubali, hakuuliza zaidi.

Walirekodia pale pale uani kwake, majirani tumejaa kuangalia. Severina, mwanafunzi mwenzake Emilian, aliigiza shangazi. Akamshika Dina mabega, akasema, "Baba yako amekwenda kazini, mbali."

"Hapo sasa ulie," Emilian akamwelekeza.

Dina akacheka. "Nilie nini? Si atarudi?"

"Harudi, mdogo wangu. Huyo baba amekufa. Shangazi anaogopa tu kumwambia mtoto."

Dina akaacha kucheka. Akamgeukia bibi yake, nasi wote tukaangalia chini. Nilimwonea Luciana huruma, na hasira pia.

"Bibi, na mama?"

Luciana angeweza kudanganya tena, nasi tungeitikia. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama amekufa, mjukuu wangu. Tulimzika."

Emilian akazima kamera. Maskini, hakuwa amejua lolote. Dina hakulia, wala hakuuliza kitu kingine siku ile.

Asubuhi yake Luciana akajifunga kitenge, akaaga kwamba anakwenda mjini. Mtoto akamng'ang'ania miguu.

"Bibi, na wewe unakwenda kufa?"