Mungu Sikumwachia Mke Mwenzangu

Katika boma letu pale Matulo, mimi ndiye niliyeanza kwenda kanisani. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa kuzunguka masokoni, na aliponiona nikitoka Jumapili na kitabu kwapani alicheka tu. Nilijifunza kusoma kwa mwalimu wa kanisa, nikabatizwa, nikaanza kushiriki Meza ya Bwana. Watoto wangu wawili walibatizwa pia.

Kisha mume wangu akaoa msichana kutoka Cheptais. Sikupenda, lakini nilimpokea, kwa sababu alikuja akiwa mpole na aliniita dada. Alipotaka kujua nilichokuwa nasoma jioni, nilimwandikia herufi kwa makaa kwenye kigae cha chungu. Alizishika upesi kuliko nilivyozishika mimi, na hilo liliniuma kidogo.

Mwaka ule wafanyabiashara wakubwa wa soko walianza kubatizwa, naye mume wetu akataka kubatizwa. Mwalimu akamwambia sheria ya kanisa ni mke mmoja. Basi akatuita sisi wawili mbele ya ndugu zake.

"Nimemchagua huyu mdogo," alisema. "Wewe una watoto. Utakaa katika nyumba yako na hutakosa shamba la kulima. Lakini mbele ya kanisa wewe si mke wangu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuombea uokoke," nikamwambia.

"Basi Mungu amekusikia," akasema, na ndugu zake wakatikisa vichwa kama watu waliosikia neno la hekima.

Walifunga ndoa ya pete. Nilisaga wimbi na kupika chai ya wageni, maana nani mwingine angepika? Bibi wa misheni alimwazima mke mwenzangu gauni jeupe, na mwenzangu alipokuja jikoni kunisalimia niliona pete tu. Ilikuwa nyembamba, wala haikuwa ya dhahabu. Niliitazama mpaka akaficha mkono ndani ya leso.

Miaka miwili haikupita, mume wetu akawa mzee wa kanisa. Mke mwenzangu akakaa benchi la mbele na kuitwa Mama Mzee. Mimi nilikaa nyuma na wajane. Kila Alhamisi mchana, mke mwenzangu alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama, mume alivuka shamba na kuja nyumbani kwangu.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Si uliapa mbele ya Mungu?"

"Mungu anajua mambo ya nyumbani," alijibu.

Ningeweza kufunga mlango. Sikuufunga, na sitasema nililazimishwa. Nilifurahi. Wakati yule wa pete akiimba kule kanisani, mimi nilikuwa nampakulia mumewe chakula, na nilijiona nimemnyang'anya kitu. Jumapili nilikwenda kwenye Meza na dhambi yangu, kama mume na yake.

Nikashika mimba. Wazee wa kanisa waliniita, wakaketi mezani watu sita pamoja na mwalimu, na mume wangu alikuwa mmoja wao.

"Mama, mimba ni ya nani?" mwalimu aliuliza.

"Mwulizeni mzee aliyeshika kitabu cha nyimbo."

Mume wangu hakuinua macho. Mzee aliyeketi karibu naye akasema pole pole, "Mama, usimchafue mtumishi wa Mungu kwa sababu ya wivu."

Maneno hayo yalinikata kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Wivu nilikuwa nao tele. Wakanitenga na Meza. Jumapili iliyofuata mume wangu alipitisha mkate kwa mikono yake, na mke mwenzangu akaupokea. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mwanamke kwa kipande kile cha mkate, kuliko pete, kuliko mume.

Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Juma hilo nilichukua watoto, nikatembea siku mbili hadi karibu na Kitale, ambako kaka yangu alikuwa kibarua katika shamba la kahawa la mzungu. Nikapata kazi ya kuchuma. Mtoto akazaliwa huko, msichana.

Jumapili akina mama vibarua walikusanyika kwenye ghala kuomba. Hakuna aliyejua kusoma, kwa hiyo wakanipa kitabu. Mmoja wao, jirani yangu, alikuwa amesikia habari zangu zote.

"Hao waliokufanyia hivyo si watu wa maombi?" aliniuliza tukichuma kahawa. "Mbona wewe hujaacha?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu. "Mume niliwaachia. Kanisa walinitoa. Lakini Mungu nilimjua kabla yao. Huyo siwaachii."

Akanicheka, akasema ati hata kwa Mungu nina wivu. Sikukataa. Siku nyingi upendo wangu ulikuwa mdogo, na ni ule wivu ulionipigisha magoti.

Wakati wa vita vikuu vya pili, binti yangu akiwa amekwisha kujua kuchuma, mke mwenzangu alifika mlangoni kwangu. Alikuwa amekonda.

"Dada," alisema, "mzee amejenga nyumba Naitiri. Kuna mwanamke huko, na watoto wawili. Kanisa lote linajua, na bado yeye ndiye anayepitisha mkate."

Furaha iliyonipanda kifuani naikumbuka mpaka leo, na naionea haya. Nilimpa maji. Nilimkalisha.

"Nimekuja tuombe," akasema. "Kule sina wa kuomba naye."

Tuliomba. Nilimshukuru Mungu kwa safari yake, lakini kumwombea heri ulimi ulikataa. Siku ya pili nikajaribu tena, nikaweza maneno machache. Yeye aliniomba msamaha kwa pete na kwa benchi, nami nikamwambia habari za Alhamisi.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nasikia harufu ya mboga zako kwenye shati lake."

Jumapili alikuja nami ghalani. Alianzisha wimbo, na akina mama wale, waliozoea sauti yangu ya kukwaruza, wakageuka wote kumtazama. Walimwomba aimbe tena, na tena. Mimi nilikaa na kitabu magotini, nikimngoja amalize, na kile kitu cha zamani kikanirudia chote.

Alipoondoka kurudi Matulo, waliniuliza atakuja lini tena. Alikuwa ameniambia atarudi baada ya mavuno. Nikawaambia sijui. Nilikaa na uongo huo juma zima, na Jumapili iliyofuata, kabla sijafungua kitabu, nikawaambia kweli.