Wape Maji Kwanza

Juzi mpwa wangu alinisomea maoni ya mchambuzi mmoja wa gemu mpya. Moja ya mpira aliiponda: "Wachezaji wanachoka haraka mno." Nilicheka mpaka nadhani watu wa kule Hombolo walinisikia.

Nilipokuwa mtoto, kwetu mtaa wa Kikuyu mchambuzi alikuwa Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Haneti akinukia moshi na karanga za kukaanga. Alasiri moja nilikuwa nacheza gemu ya mpira na dada Neema, na atakayefungwa angeosha vyombo wiki nzima. Chini ya jina la mshambuliaji wangu, kimstari cha nguvu kilikuwa kinakaribia kuisha.

"Gemu mbaya hii," Bibi akasema. "Watu wanakimbizwa juani, maji hawapewi!"

Nikaamini. Nikasimamisha mchezo, nikachota kikombe cha maji mtungini na kukiweka mbele ya runinga.

"We chizi! Wanywe au waoge?" Neema alicheka mpaka pedi yake ya kuchezea ikamdondoka. Nilipouendeleza mchezo tu, nikafunga bao.

"Si umeona, mjukuu wangu?" Bibi akasema. "Ilikuwa kiu tu."

Leo najua bao lile lilitokana na pedi iliyokuwa sakafuni. Hata hivyo, nilimwambia mpwa wangu amjibu yule mchambuzi: awape maji kwanza.