Goti la Daktari wa Meno

Mtaani palikuwa na kinyozi mwenye viti viwili na ulimi uliofanya kazi kuliko mkasi wake. Mteja akikaa, kichwa kinanyolewa huku masikio yanajazwa. Na katika hadithi zake zote, hakuna iliyopendwa kama ile ya daktari wa meno wa zahanati ya jirani: jinsi alivyompanda kifuani kwa goti, akashika koleo kwa mikono miwili, akavuta hadi kinyozi akaona nyota mchana. Watu walicheka mpaka ikabidi wembe usubiri.

Kweli yenyewe ilikuwa nyingine. Daktari alikuwa mama mfupi, mwembamba, aliyepanda kijistuli ili aufikie mdomo wa mgonjwa. Alimchoma sindano ya ganzi, akamwambia ahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini, na alipofika tisa jino lilikuwa kisahanini. Lakini hadithi kama hiyo, nani atakaa kuisikiliza?

Basi zahanati ikafungwa. Karatasi mlangoni ilisema wagonjwa wamepungua, wenye shida ya meno waende hospitali kuu. Kinyozi aliisoma mara mbili, akarudi dukani, akaongeza sauti ya redio. Alijiambia mdomo wa mtu mmoja hauwezi kufunga jengo zima. Moyo haukukubali.

Wiki ya pili mkewe akavimba shavu. Kumbe jino lilikuwa likimsumbua miezi minane, zahanati ikiwa hatua mia kutoka mlangoni pao. Alisukutua maji ya chumvi, akatafunia upande mmoja, akanyamaza.

Kinyozi akafunga duka, akaingia mjini kutafuta daktari. Hospitali kuu walimwambia arudi mwezi ujao. Mahali pengine palikuwa na kiti cha meno, ila daktari wake alikuja Ijumaa tu. Mwishowe, kwenye kliniki ya meno juu ya duka la rangi, akapata nafasi ya kesho yake saa tatu asubuhi. Alirudi nyumbani mbio kama aliyeokota dhahabu.

Mkewe akatikisa kichwa. Haendi.

"Hilo goti nimelisikia miaka kumi," alisema kwa upande mmoja wa mdomo. "Kifua changu hakiliwezi."

Kinyozi akaketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia.

"Mama watoto, hapakuwa na goti."

"Hapakuwa na nini?"

Akamweleza yote, kijistuli, ganzi, ile tisa. Mkewe, mkono shavuni, akauliza polepole:

"Na waliokaa kwenye kiti chako wakakuamini, ni wangapi?"

Kinyozi akaanza kuwahesabu kwa vidole, vikamwishia.

Asubuhi walipanda ngazi pamoja. Daktari wa huko alikuwa kijana mrefu mwenye mikono kama ya mwashi, na mama watoto alipoiona alimkata mumewe jicho. Hakukuwa na goti hapo pia. Ila usaha ulikuwa umeshatambaa, na meno yaliyotoka yalikuwa mawili.

"Angekuja mapema," daktari alisema akinawa, "tungeziba tu moja. Lile jingine lisingeguswa."

Alikuwa akizungumza na mgonjwa, lakini aliyeinamisha kichwa ni kinyozi.

Jumamosi duka lilijaa. Fundi bomba alikuja na shemeji yake mgeni, akataka asimuliwe lile goti. Kinyozi akanyoa kwanza upande mzima. Halafu akasimulia kijistuli, na kuhesabu, na tisa. Akasema ile ya zamani aliitunga.

Hakuna aliyecheka. Fundi bomba alisema leo mzee ameipika bila chumvi.

Lakini seremala, aliyekuwa benchini tangu asubuhi na kitambaa kimefungwa shavuni, akauliza kwa sauti ya chini yule mama daktari amehamia wapi.

Kinyozi hakujua. Hakuwahi kwenda kumwuliza, wala kumuaga. Alichojua ni ngazi za kwenda juu ya duka la rangi. Akaweka wembe chini, akachana kipande cha gazeti, akaanza kumchorea njia.