Moshi Usio na Leseni

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtunzaji wa mashine ya kupima hewa juu ya paa la ofisi ya mazingira. Kila asubuhi alitoa kichujio cha jana kikiwa cheusi kama sufuria, akakitia kwenye bahasha ya maabara, akaweka kipya. Miaka kumi na moja hakuna aliyemuuliza kitu.

Ghorofa ya pili, mtaalamu alikadiria moshi wa mji mzima bila kufungua dirisha. Alichukua orodha ya viwanda vyenye leseni, akazidisha, akajumlisha. Siku alipolinganisha makadirio na vichujio, akakuta mashine inaonyesha masizi mara tatu zaidi. Maabara ikaongeza kuwa masizi hayo ni ya kuni na oili chafu. Kwenye orodha, hakuna kiwanda kilichochoma kuni.

Kwa hiyo kosa likawa la shemeji.

"Mzee, unapika huko juu," bosi alimwambia. "Andika barua ukiri, upewe onyo. Ukikataa, kazi huna."

Usiku ule shemeji hakugusa chakula. Kesho yake dada akamshika mkono hadi ofisini. Nami nikafuata nyuma, nikiomba nisiulizwe chochote.

"Apike huyu?" dada alisema. "Bosi, huyu? Miaka ishirini na mbili hajachemsha hata maji ya kuoga! Nikiugua, anapika jirani. Mpeni jiko hapa hapa, tuone kama atajua linawashwaje."

Ofisi nzima ilicheka. Shemeji alitazama viatu vyake. Nadhani kwa dakika ile angekubali kufukuzwa.

Bosi akatupandisha wote juu. Mtaalamu alifika wa mwisho, anahema. Kumbe hakuwahi kufika pale. Ng'ambo ya barabara niliona matanuri kumi na tisa ya kuchomea matofali kwa kuni, yote yakituletea moshi.

"Yale yana leseni?" bosi aliuliza.

"Hayana. Ndiyo maana kwenye hesabu hayatoi moshi," mtaalamu alijibu.

Hakuwa anatania.

Barua ikasahaulika, shemeji akabaki na kazi. Lakini fomu ya makadirio haikuwa na nafasi ya tanuri lisilo na leseni, basi wakahamisha mashine. Sasa iko kilimani nyuma ya hospitali, na hesabu zinalingana vizuri kabisa. Shemeji anapanda kila asubuhi, magoti yanamuuma, na bosi amemsifu mbele ya wenzake kwamba siku hizi anaitunza mashine.