Truphena Anaacha Kulia

Migori, matanga ambayo Truphena hajafika yalihesabiwa kuwa hayajaanza. Alikuwa muuza omena sokoni, ameolewa huko kutoka Sindo. Kulia hakufundishwa na mtu. Alikuwa akifika langoni mwa wafiwa, mikono kichwani, akiingia mbio na kumwita marehemu kwa jina, akimsifu, akimlaumu kwa kuondoka bila kuaga, hadi waliofuata chakula nao wakatoa leso.

Kwenye matanga ya mzee Wangwe, mvulana mmoja wa jirani, Cliff, alimpiga picha: mdomo wazi, macho yamefumbwa, kitambaa cha kichwa kimeteleza sikioni. Kabla wali haujaiva, picha ilikuwa stika ya kutumiana simuni yenye maneno "Nikiona matokeo ya hesabu", na ilikuwa imeingia grupu ya kidato cha pili, darasa la Cliff na la Emmaculate, bintiye Truphena.

Tangu hapo Emmaculate akiuliza kazi ya nyumbani, alijibiwa kwa stika ya mama yake analia. Akimtakia mtu heri ya kuzaliwa, mama yake analia.

"Si utoke kwenye hiyo grupu?" Truphena alimuuliza.

"Nikitoka sitajua wanasema nini."

Basi akabaki, simu chini ya mto, akizimeza stika kama dawa ya hospitali.

Truphena akaenda kwa Cliff. Alijiandaa kukutana na shetani. Akakuta mtoto anambebea nyanyake maji, mtungi mkono huu, simu mkono ule.

"Nilikukosea nini, nyathina, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Pole. Ni vile watu walicheka sana." Aliyasema kama mtu anayetaja alama zake za mtihani.

Akaifuta stika hapo hapo, kwa heshima zote, kisha akachungulia simu kuona kama kuna aliyecheka kitu kingine. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yameshaenea shule nzima.

"Mama, usilie tena," Emmaculate akamwomba. "Kwa mtu yeyote."

Truphena akaahidi. Kuahidi ni rahisi kwa asiyejua nani atakufa. Mvua za masika zilipoanza, mama mzazi wa Truphena akafa Sindo.

Aliingia langoni kwao akitembea, mikono ubavuni, kama aliyekuja kuulizia shamba la kukodi. Wanawake waliokuwa wakimsubiri wakatazamana.

"Watu baki huko Migori anawalilia," shangazi yake akasema. "Mama yake ndiye amenyimwa."

"Labda anajua kilichomuua," mwingine akaongeza, si kwa sauti ya chini.

Emmaculate alisikia. Akamsogelea mama yake.

"Mama, stika yako haitumwi siku hizi. Sasa ni Bonareri wa darasa letu, aliteleza kwenye matope." Akatazama viatu vyake. "Hata mimi niliituma hiyo yake. Unaweza kulia sasa."

 Truphena akaliendea jeneza, akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo.

Hakuna simu iliyoinuliwa. Cliff alikuwa mbali, Migori, na mambo mengine. Lakini Truphena alikuwa anawaza uso wake unavyoonekana, na kitambaa kama kimekaa sawa. Akakigusa. Akaufunga mdomo.

Mama yake alililiwa na nyimbo za spika ya kukodi.